Kichwa cha farasi juu ya sarafu ya jirani

Anayetaka kuanza kukusanya sarafu za shaba za Marekani zilizotangulia sarafu za serikali kuu, mimi humwelekeza New Jersey, tena kwenye zile zilizovurugika sura kwa kugongwa juu ya sarafu nyingine.

Kiwanda cha sarafu cha Philadelphia kilianzishwa kwa sheria ya 1792. Kabla ya hapo Connecticut, Massachusetts, Vermont na New Jersey zilitoa shaba zao zenyewe. New Jersey ilitoa kandarasi mwaka 1786 kwa Walter Mould, Thomas Goadsby na Albion Cox: sarafu milioni 3, kila moja grini 150, yaani kama gramu 9.7, na 15 kati yake zikifanya shilingi. Upande mmoja una kichwa cha farasi juu ya plau na maneno NOVA CAESAREA, yaani New Jersey kwa Kilatini. Wa pili una ngao na E PLURIBUS UNUM.

Wakati huo soko lilijaa shaba nyepesi na za bandia. Ya New Jersey ilishika thamani kuliko nyingi. Basi mwenye chapa za chuma za kugongea sarafu mkononi alikuwa na njia rahisi ya kula faida: anakusanya shaba za Connecticut zilizoshuka bei, anazigonga upya, zinatoka na farasi. Ndiyo maana nyingine hazifikii uzito wa sheria. Ya Connecticut yenyewe ilitakiwa grini 144 tu.

Ishike sarafu ya namna hiyo chini ya taa inayomulika kutoka ubavuni, uizungushe polepole. Kwenye shingo ya farasi utaona mgongo wa herufi usiohusiana na NOVA CAESAREA, pengine kipande cha neno INDE la sarafu ya Connecticut iliyo chini. Chapa ya pili haikulifuta kabisa.

Namba tunazotambulishia aina za sarafu hizi ni za Edward Maris, mkusanyaji aliyezichapisha 1881: tarakimu kwa upande wa farasi, herufi kwa upande wa ngao. Anza na 56-n, ambayo farasi wake ana pua ya ngamia (aliyeichonga ana kesi ya kujibu). Mara nyingi hupatikana imegongwa juu ya sarafu nyingine, na haiadimiki.

Usiisugue kamwe. Shaba iliyong'arishwa hupoteza rangi yake ya kahawia, na wanunuzi makini huikimbia. Mwombe muuzaji picha za taa ya ubavuni, pande zote mbili na ukingo, pamoja na uzito. Akizitaja herufi za sarafu ya chini kuwa mikwaruzo na kupunguza bei, usimsahihishe kabla hujalipa.