Muulize fundi wa boila: presha ya feni imesoma ngapi?

Baridi inapokaribia, ndugu zetu wengi wanaoishi Uingereza humwita fundi aje kufanya sevisi ya boila, yaani mtambo wa gesi unaopasha moto maji na nyumba. Fundi hufungua kifuniko, hufuta vumbi, huchomeka kipima moshi kwenye dohani (bomba la kutolea moshi), kisha huaga. Kazi yangu ni kufundisha mafundi wa gesi, na ningependa kila mwenye nyumba amuulize swali moja kabla hajatoka mlangoni: presha ya feni imesoma ngapi?

Boila nyingi za sasa hunyonya joto la moshi mpaka mvuke uliomo unageuka maji. Ndiyo maana hazili gesi nyingi. Lakini maji hayo yana asidi kidogo, na kibadilisha joto cha alumini, yaani sehemu inayohamisha joto la moshi kwenda kwenye maji, huliwa polepole na kuacha unga unaoziba vijia vyembamba vya moshi. Feni inayosukuma hewa ndani ya boila inaendelea kuzunguka kwa kasi ileile, ila hewa inayopita inapungua.

Tatizo ni kwamba katika boila hizi vali ya gesi huifuata hewa: hewa ikipungua, gesi nayo inapungua. Uwiano wa hewa na gesi unabaki sawa, hivyo kipima moshi kinaweza kuonyesha namba nzuri kabisa huku ndani kumeanza kuziba. Mwenye nyumba huona tu kwamba maji ya kuogea hayachemki kama mwaka jana, akadhani ni baridi ya mwaka huu. Kipimo cha presha ya feni huonyesha kile ambacho moshi haukionyeshi.

Kipimo chenyewe hakichukui muda. Fundi anafungua kizibo kidogo cha tundu la kupimia, anachomeka mpira mwembamba wa manometa (kifaa cha kupima presha), kisha anaiweka boila kwenye nguvu ya juu kabisa na kuisubiri itulie. Ikipimwa kwenye moto mdogo, namba haina maana. Manometa husoma kwa milibari, kizio cha presha, na kwenye boila ambazo tundu liko upande wa kunyonya, namba huwa hasi. Hapa wanafunzi wangu huteleza sana. Namba inayosogea karibu na sifuri si nafuu; ina maana mvuto umepungua kwa sababu hewa haipiti. Kiwango hutegemea aina na ukubwa wa boila, kwa hiyo fundi lazima afungue kitabu cha mtengenezaji cha boila hiyohiyo. Nimeona fundi akikisia kwa kukumbuka boila ya jirani, na hilo silikubali hata kidogo.

Namba ikionyesha mvuto mdogo kuliko kiwango cha kitabu, kibadilisha joto kifunguliwe, kisafishwe kwa brashi yake, masalia yatolewe, na mtego wa maji (kikombe cha maji kinachozuia moshi kwenye njia ya kutolea maji hayo ya asidi) usafishwe na kujazwa maji tena, maana ukibaki mkavu moshi hupenya nyumbani. Kisha presha ipimwe upya, na moshi upimwe pia. Mwisho kabisa, kizibo kirudishwe na kukazwa. Tundu la wazi ni kitu kidogo chenye madhara makubwa: huharibu kipimo, na kwenye boila nyingine hutoa moshi wenye kaboni monoksidi, gesi isiyo na rangi wala harufu.

Wapangaji nao wajue jambo hili. Sheria ya mwaka 1998 inamlazimu mwenye nyumba kukagua usalama wa vifaa vyake vya gesi kila baada ya miezi 12 na kumpa mpangaji nakala ya ripoti ndani ya siku 28. Ukaguzi huo si lazima uwe sevisi kamili. Omba vyote viwili.

Usiifungue boila mwenyewe, hata kama una bisibisi na video ya kukuongoza. Fundi awe amesajiliwa Gas Safe, daftari rasmi la mafundi wa gesi, na ugeuze kadi yake: nyuma ndiko kumeandikwa kazi anazoruhusiwa. Ukisikia harufu ya gesi, fungua madirisha, toka nje na upige 0800 111 999.

Namba ya presha ikishaandikwa kwenye karatasi ya sevisi, pamoja na tarehe, ibandike ndani ya kabati la boila. Fundi wa mwakani atailinganisha na atakayoipata yeye, na hapo ataona kama njia ya moshi inaziba au la, kabla maji ya kuoga hayajapoa.