"Sista, bado mdogo, utamfungua macho"

Jibu hilo nimelichoka. Nikimuuliza mzazi kliniki hapa Kisumu kama amezungumza na mtoto wake wa miaka mitano kuhusu sigara, anacheka, kisha anasema nitamfungua macho.

Yalishafunguka. Mtoto wa mitaa yetu ya Nyalenda au Manyatta anajua sigara inakaa kando ya peremende dukani, anajua na bei ya moja. Mwambie aigize baba, atashika kijiti kwa vidole viwili apulize. Nani kamfunza? Sisi tunaomtuma: "Kimbia uniletee sigara, chenji ununue peremende." Sheria ya Kudhibiti Tumbaku ya 2007 inakataza kumuuzia aliye chini ya miaka 18, na kuuza moja moja pia hairuhusiwi. Lakini mwenye duka hakumtuma mtoto. Umemtuma wewe, na ukampa zawadi juu yake.

Asichokijua ni madhara, na hayo ndiyo tunamficha. Mwambie kwa maneno machache. Usimtishe na kifo. Babu anavuta na yuko hai, kwa hiyo ataona umemdanganya. Mwonyeshe masizi kwenye paa la jikoni, umwambie moshi wa sigara nao huchafua kifua cha mtu, na aliyezoea huona taabu kuacha. Halafu mpe jibu la kumpa yeyote atakayemtuma: "Mama amekataa." Rudia wiki ijayo, maana mtoto haambiwi mara moja.

"Lakini mimi mwenyewe navuta." Vizuri, mwambie nikotini, ile kemikali ya tumbaku inayomfanya mtu azoee, imekushinda. Nani atamweleza vizuri kuliko wewe?

"Navutia dirishani." Moshi unarudi ndani na kukaa kwenye nguo na makochi. Nimonia, pumu na masikio ya kutoa usaha huwapata zaidi watoto wa nyumba hizo.

Ugoro hauna moshi, kweli. Una nikotini, na huleta saratani ya mdomo. Maji ya shisha nayo hupoza moshi tu, sumu inapita.

Na ninyi wa Migori na Kuria mnaosema jani bichi la tumbaku halidhuru: nikotini hupenya ngozi, hasa majani yakiwa na umande. Mtoto akitoka kuvuna tumbaku anatapika na kuona kizunguzungu, msikimbilie kusema ni malaria. Mvueni nguo zilizolowa, mwoshe kwa sabuni, mje naye hospitali, na mtuambie alikuwa shamba gani.