Mashine ya maziwa ikinyamaza

Wengi wanaonipigia kuulizia mfumo wa kufuatilia mashine kwa mbali huanza na mauzo. Wanataka wakae nyumbani waone kwenye simu leo zimetoka lita ngapi. Hilo linawezekana, tena kirahisi, lakini kwa sisi tunaouza maziwa huku Nyanda za Juu Kusini mauzo ndiyo kitu cha mwisho ninachoangalia. Kwanza naangalia joto la maziwa. Pili, mashine ikinyamaza, nataka kujua imenyamaza kwa sababu gani.

Kazi yangu ni kufunga na kutunza mashine za maziwa za kujihudumia. Mteja anakuja na chupa yake, anachagua kiasi, analipa kwa simu au sarafu, maziwa yanatoka. Zipo Mwanjelwa na Uyole hapa Mbeya, zipo Tukuyu na Makambako, mpaka Iringa, ambako ni zaidi ya kilomita 300 kwa barabara kuu yenye malori mwanzo mwisho. Hakuna fundi atakayezizungukia zote kila asubuhi.

Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1982, watu wa idara ya kompyuta ya Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Pittsburgh, Marekani, waliunganisha mashine ya Coca-Cola na kompyuta zao ili mtu ajue, kabla hajanyanyuka kitini, kama soda zipo na kama zimeshapoa. Soda ikiwa ya moto, mteja atanuna tu. Maziwa yakipata joto, unamuuzia mtoto wa mtu ugonjwa.

Maziwa yaliyopashwa nyuzi 72 kwa sekunde 15 hubaki bila vijidudu vya magonjwa, lakini vinavyochachusha havikufa vyote, na vingine vinaweza kuingia baadaye. Ndiyo maana tangini yanatakiwa yakae nyuzi 4 au chini yake. Sasa, mafundi wengi hubandika sensa, yaani kile kifaa cha kupima joto, ndani ya kabati la friji, wakiona 4 kwenye skrini wanaondoka wameridhika. Hiyo ni 4 ya hewa. Sensa iingie kwenye mfuko wake wa chuma cha pua, ufike karibu na kitako cha tanki, ili hata zikibaki lita kumi bado inasoma maziwa. Kabla hujaifunga, itumbukize kwenye barafu iliyopondwa yenye maji kidogo, koroga, subiri itulie. Isome 0. Zile za kidijitali za bei nafuu, DS18B20, mtengenezaji anakubali zipishane na ukweli kwa nusu nyuzi, juu au chini. Ikizidi hapo, usiifunge.

Kujua kiasi kilichobaki kuna mtego wake. Maziwa yana povu, na sensa ya mwangwi, inayopima kina kwa sauti kutoka juu, hulihesabu povu kuwa maziwa. Mimi nategemea mita ya mtiririko iliyo kwenye bomba la kutolea: lita zilizomiminwa asubuhi, toa zilizotoka. Hesabu hii si ya mauzo peke yake. Tanki lililojaa hushika baridi kwa saa nyingi umeme ukikatika, lakini lililobakiza kidogo hupata joto upesi. Kwa hiyo tahadhari ambayo mfumo unanitumia lazima iangalie joto pamoja na lita. Umeme ukikatika Uyole tanki lina lita 150, nina muda wa kupiga simu na kusubiri. Likiwa na lita 15, bodaboda inatoka hapo hapo.

Tuje kwenye ukimya. Kila mashine inatuma taarifa fupi kila baada ya dakika 10: joto, lita, umeme, mlango. Taarifa moja ina kama baiti 200, yaani kwa mwezi mzima haifiki MB 1, na hata ukijumlisha mzigo wa mawasiliano bado ni kidogo. Usimruhusu mtu akuuzie bando kubwa. Na bando lenyewe lisiwe la wiki. Likiisha Jumapili usiku, mashine inaonekana imekufa kumbe ni nzima. Modemu, yaani kifaa kinachotuma taarifa hizo kwa mtandao wa simu, iwe na betri yake ndogo ili umeme ukikatika iweze kusema umekatika. Iwe pia na laini mbili za mitandao tofauti.

Hata hivyo kuna siku vyote vinagoma. Msimu wa mvua uliopita mashine ya Tukuyu ilinyamaza usiku bila kusema umeme umekatika. Nikampigia mama mwenye duka.

"Shikamoo mama. Samahani kwa usumbufu wa usiku. Umeme upo hapo?"

"Marahaba baba. Upo. Intaneti ndiyo imegoma tangu jioni, hata WhatsApp haifunguki."

"Ile taa ya kijani ya mashine inawaka?"

"Subiri nichungulie... Inawaka, na inanguruma."

Sikutoka. Alfajiri mtandao uliporudi, modemu ilimwaga kumbukumbu za usiku kucha, kila moja na saa yake, na joto la juu kabisa lilikuwa 3.8. Mashine isiyohifadhi vipimo vyake yenyewe ingetuachia mambo mawili tu, kumwaga tanki zima au kuuza kwa kubahatisha. Ukinunua mfumo, uliza hilo kabla ya bei. Na yule mama ni sehemu ya mfumo, namlipa kila mwezi.

Kumbukumbu hizo ndizo zinazomaliza pia ugomvi wa "pesa imekatwa, maziwa hayajatoka". Naangalia muamala, naangalia mita. Kama mita haikuzunguka, mteja anarudishiwa pesa yake siku hiyo hiyo bila maneno.

Kuhusu kuamuru mashine kwa mbali, nina msimamo mkali. Kuzima na kuwasha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya friji, kwa simu ni hatari usipoipumzisha dakika tatu hadi tano ili presha ya gesi isawazike. Ukiharakisha, utaunguza mota. Mauzo yajifunge yenyewe maziwa yakizidi kiwango cha joto mlichokubaliana, na kuyafungua asiweze mtu yeyote akiwa mbali, hata mimi, hata mwenye mali. Mtu afike, afungue tanki, ayapime maziwa.

Walioko Njombe na Makete waongeze jambo moja: tahadhari ya baridi. Juni na Julai huko barafu hulala kwenye majani, na maziwa huganda kwa takriban nusu nyuzi chini ya 0. Mashine iliyokaa barazani itaanza kuganda kwenye bomba jembamba la kutolea, wakati tangini bado panasomeka vizuri. Weka sensa ya pili kwenye bomba hilo, na ikupigie kelele ikishuka hadi nyuzi 1.