Je, wajua kwa nini breki ya pikipiki ya zamani huzidi kukosa nguvu kadiri unavyoikaza?

Anayeishi Mwanza anaijua miteremko. Unashuka kutoka Bugando, mbele daladala limesimama kushusha abiria, na pedali ya breki imekwisha kufika chini. Pikipiki aliyoniachia mjomba, ya miaka ya 1980, ilinitisha hivyo kwa miezi. Kila Jumamosi nilizungusha ile nati ya nyuma ya kukazia breki mara mbili tatu. Siku ya kwanza breki ilishika, baada ya wiki ikalegea tena, mpaka nati ikafika mwisho wa uzi. Fundi mmoja mzee wa Igoma aliitazama tu, hakushika hata spana. "Kijana," akasema, "hii nati inakuficha ugonjwa."

Ili kumwelewa, tazama breki yenyewe. Ndani ya ngoma, ile dramu iliyo katikati ya gurudumu, kuna breki shuu mbili zenye umbo la nusu mwezi. Upande mmoja zimeegemea pini. Upande wa pili, katikati yao, kuna kipande cha chuma kilichobapa kiitwacho kemu. Kemu ikilala, breki shuu zimejikusanya na haziigusi ngoma. Ikigeuka, inazitanua zikagusa ngoma. Kinachoigeuza ni wenzo mfupi ulioko nje, unaovutwa na rodi inayotoka kwenye pedali, yenye ile nati mwishoni.

Siri iko kwenye pembe kati ya rodi na wenzo huo. Rodi huvuta kwa nguvu zote pembe ikiwa digrii 90. Ndiyo maana breki ikiwa nzima, ukikanyaga pedali mpaka ishike, pembe hiyo huwa karibu na 90 lakini haijaipita. Breki shuu zikilika, kemu inalazimika kugeuka zaidi kabla hazijagusa ngoma, na wewe unakaza nati ili kufidia. Wenzo unasogea, unapita 90, na kuanzia hapo sehemu ya nguvu ya mguu wako inapotea bure. Ukifika digrii 120 umepoteza karibu asilimia 13 ya nguvu ya kugeuza kemu, na ukifika 135 karibu asilimia 30. Hapo tena mguu ukikanyaga zaidi, pembe inazidi kuharibika.

Ndani nako si salama. Kemu iliyogeuka sana inakaribia kusimama wima. Ikisimama hivyo haitanui tena, na springi zinazovuta breki shuu zinaweza kushindwa kuirudisha. Gurudumu linafunga, na kama uko kwenye lami yenye mvua hakuna maelezo ya ziada yanayohitajika.

Kwa hiyo kabla ya kugusa nati, mwombe mtu akanyage pedali kwa nguvu huku wewe umechuchumaa pembeni ukitazama wenzo. Umepita 90? Acha kukaza. Pikipiki nyingi za Kijapani zina pia mshale mdogo chini ya wenzo, na alama kwenye bamba la breki. Breki ikiwa imekanyagwa na mshale ukafika kwenye alama, breki shuu zimekwisha.

Hapa nina neno na baadhi ya mafundi wetu. Wapo wanaochomoa wenzo kwenye meno ya mhimili wa kemu, wakausogeza jino moja nyuma, wakaurudisha. Kwa nje pembe inapendeza na mteja analipa, lakini kule ndani kemu imebaki palepale ilipokuwa. Ni hatari, na naomba usikubali. Wenzo una nukta iliyogongwa, na kemu ina yake. Zikutanishwe. Mshale wenyewe mara nyingi una jino pana linaloingia sehemu moja tu ya kemu, hivyo huendelea kusema kweli hata wenzo ukihamishwa.

Ukifungua gurudumu, usipulize vumbi kwa mdomo wala kwa kompresa. Breki shuu za zamani nyingi zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni linaweza kuleta saratani. Lipanguse kwa kitambaa kilicholowa maji. Kisha pima. Kwenye Honda nyingi ndogo, kitambaa cha breki shuu, lile tabaka linalosugua ngoma, kikibaki milimita 2 kinabadilishwa, na ngoma yenye kipenyo cha milimita 110 haitakiwi kuzidi 111. Kipimo hicho huwa kimeandikwa ndani ya ngoma yenyewe. Ngoma ikishalika sana, hata breki shuu mpya haziwezi kuigusa vizuri.

Breki shuu iliyong'aa kama kioo isuguliwe kwa msasa, ila kama ni ya zamani na huenda ina asbesto, usiisugue, ibadilishe. Iliyolowa grisi, itupe, grisi haitoki. Na sisi wa kando ya ziwa tuna tatizo letu: pikipiki zinazooshwa ufukweni kila siku huingiza maji kwenye mhimili wa kemu, grisi inakauka, kutu inashika, breki inakanyagika lakini hairudi. Toa kemu, isafishe, pakaa grisi kidogo sana, kwa sababu ikizidi itayeyuka kwa joto na kudondokea breki shuu mpya.

Haya yote hayahusu mali za kale tu. Injini ya Honda CG125, iliyoingia sokoni 1976, imeigwa kwenye pikipiki nyingi za Kichina zinazobeba abiria leo, na nyuma ya nyingi kuna ngoma, kemu na wenzo vilevile.

Wakati wa kufunga, nati ya ekseli iache imelegea kidogo. Kanyaga breki kwa nguvu, mtu akushikilie hapohapo, ndipo ukaze. Breki shuu zinajipanga zenyewe katikati ya ngoma. Rudisha pini ya kufungia nati, acha pedali icheze sentimita 2 hadi 3 kabla ya kushika, kisha ijaribu kwenye tambarare, polepole, kabla ya kuipeleka Bugando.