Buti la baridi maana yake nini hasa, na unalichaguaje

Watu wengi wakisikia "buti la baridi" wanafikiria kiatu kinachopasha mguu joto, na ndo maana mtu analipa hela nyingi dukani alafu anafika juu mlimani vidole vimekufa ganzi anabaki kulaumu buti. Buti halina moto ndani. Joto lote ni la kwako, linashuka na damu mpaka vidoleni, na kazi ya buti ni kulichelewesha lisitoke haraka basi. Kama damu haifiki kidoleni hakuna buti duniani la kukusaidia, hata liwe nene kama godoro.

Sasa kinachozuia joto lisitoke ni hewa iliyotulia. Umeshamwona kuku asubuhi ya baridi anavyotutumua manyoya mpaka anaonekana mkubwa mara mbili? Anaifunga hewa katikati ya manyoya na hiyo hewa ndo blanketi lake. Ndani ya buti la mlima kuna kitambaa kizito, au sponji, au nyuzi laini za kutengenezwa kiwandani, zote kazi yao ni hiyo hiyo ya kunasa hewa, kwa hiyo ukiibana hewa ikatoka, au ukailowesha kwa jasho, umebaki na kiatu kizito tu.

Niliwahi kupanda Kilimanjaro na mgeni usiku wa samiti, yaani usiku wa kwenda kileleni, tumetoka kambi ya Barafu karibu saa sita usiku, ana mabuti mazuri kweli, mapya, na kwa kuogopa baridi akavaa soksi nzito jozi mbili. Tulipofika kama mita 5,200 akasema hasikii vidole. Tukamkalisha nyuma ya jiwe upepo usimpate, tukalegeza kamba, tukatoa soksi moja, nikamshikia mguu mikononi kidogo, akarudisha buti na soksi moja tu na kamba zimelegea pale juu ya vidole. Haikuchukua muda mrefu akaanza kulalamika vidole vinauma kama sindano, na hayo maumivu nilifurahi kuyasikia maana ni damu inarudi. Soksi ya pili ilikuwa inakaba mguu na kuiminya hewa yote iliyokuwa ndani ya buti.

Huko juu tatizo linaongezeka kwa sababu ya hewa nyepesi. Pale kilele cha Uhuru, mita 5,895, kila pumzi unayovuta ina karibu nusu tu ya oksijeni ambayo ungeipata Tanga ufukweni, na mwili ukiona oksijeni kidogo na baridi kwa pamoja unalinda moyo na ubongo kwanza, mishipa ya vidoleni inasinyaa. Ndo maana mtu aliyezoea baridi ya Makete asijiamini sana. Alafu tunatembea pole pole, na tuna sababu ya kutembea hivyo, ila mguu unaotembea pole pole hautengenezi joto jingi, na kila mkisimama kumsubiri mwenzenu unapoa zaidi.

Aina ziko tatu kwa kusema kwa urahisi. Kuna buti la safu moja, la ngozi au kitambaa kigumu, lina kitambaa cha kuzuia maji na pengine insulesheni kidogo, yaani hicho kitu cha kunasa hewa. Kuna la safu mbili, wenyewe wanaita dabo buti, yaani nje ganda gumu na ndani kuna kiatu kingine laini kinachotoka, unaweza ukakianika au ukalala nacho. Na kuna yale ya milima ya mita 8,000, yana safu zote hizo na juu yake koti linalopanda mpaka karibu na goti, hayo ndo utayaona Everest.

Kwa Kilimanjaro njia za kawaida, mimi nasema wazi kwamba wengi hawahitaji dabo buti. Buti zuri la safu moja linalofunika kifundo, lisilopitisha maji, lenye nafasi ndani, na soksi moja nzito ya sufu, linatosha. Kama miguu yako ni ya kupoa haraka au umeshawahi kuumizwa vidole na baridi, hapo sikukatazi kuongeza. Milima ya Rwenzori, mpakani mwa Uganda na Kongo, mambo ni mengine, kule chini ni matope matupu watu wanatembea na gambuti siku nzima, mabuti ya mlima yanakaa kwenye begi mpaka karibu na barafu ya kilele cha Margherita, mita 5,109, na pale unahitaji soli ngumu inayoshika kramponi, vile vyuma vya meno. Soli usiidharau, maana theluji na jiwe la baridi vinavuta joto kwa chini mfululizo.

Na usichague kwa kuangalia urefu wa mlima peke yake. Denali ya Alaska ina mita 6,190 na Aconcagua ya Argentina ina 6,961, lakini Denali ndo inaogopwa zaidi kwa baridi kwa sababu iko kaskazini mbali sana. Kili iko karibu na mstari wa ikweta. Kwa hiyo uliza baridi inafika ngapi, upepo ukoje, na utakaa masaa mangapi kwenye hiyo hali.

Kwenye kujaribu, nenda jioni mguu ukiwa umevimba kidogo, vaa soksi ile ile utakayopandia. Kabla hujafunga kamba sukuma mguu mbele mpaka vidole viguse, nyuma ya kisigino kidole kimoja cha mkono kipite. Funga, shuka ngazi, vidole visigonge mbele na kisigino kisiinuke. Ukinunua mtumba, pale soko la Memorial Moshi yapo mazuri tu, ila likunje na uibonyeze soli, kuna mabuti yamekaa stoo miaka mingi yanaonekana mapya kumbe sponji ya soli imeshaoza, inaachia ukiwa katikati ya safari.

Usiku usiyaache nje ya hema. Mwaka 1953 Edmund Hillary aliamka kambi ya mwisho Everest akakuta mabuti yake yameganda kama jiwe, ikabidi ayapashe kwenye jiko karibu masaa mawili ndo yeye na mwenzake Tenzing Norgay waanze kutoka kwenda kileleni.

Jambo lingine linaloniuma ni wapagazi. Wengi hawafiki samiti lakini wanalala kambi za zaidi ya mita 4,600, maji yanaganda kwenye ndoo, na utakuta mtu ana raba zilizotoboka. Pale Moshi KPAP, ule mradi wa kusaidia wapagazi wa Kilimanjaro, wanaazima vifaa bure kwa wapagazi, na wageni wengi wanaacha mabuti yao wakimaliza safari, ni jambo zuri sana. Ila kabla hujampa mtu muulize anavaa namba ngapi, kwa sababu ukimpa mwenye namba 44 buti la 42 atalivaa hivyo hivyo, na vidole vyake ndo vitaganda.