Kontrola si miksa, hata ikiwa na feda nane

Nimeulizwa tena. Safari hii ni kijana aliyepiga picha ya kifaa chake kipya kikiwa mezani, feda nane, vile vitelezi vya kusukuma juu na chini, zimejipanga kama meno ya mbele, na chini ya picha kaandika: "Mkuu, hii miksa maiki inachomekwa wapi?" Nikamwambia aigeuze anitumie picha ya nyuma. Nyuma kuna tundu la USB, tundu la umeme na katundu ka pedali ya mguu. Basi. Akauliza kama ameuziwa kibovu.

Hajauziwa kibovu. Ameuziwa kitu kingine kabisa, na kwa kuwa aliyemshauri na aliyemuuzia wote walikiita miksa, yaani meza ya kuchanganyia sauti, simlaumu.

Maana yenyewe ni fupi. Kontrola, kwa matumizi ya watu wa kurekodi, ni kifaa cha kushika kwa mikono kinachoendesha programu ya muziki iliyomo kwenye kompyuta. Unasukuma feda ya plastiki, na ile iliyochorwa kwenye skrini inasogea. (Feda, si fedha, ingawa fedha nayo itakutoka.) Unabonyeza kitufe, traki (sauti moja kati ya zinazounda wimbo) inanyamaza. Unazungusha kingine, sauti inahamia kushoto. Badala ya kuvuta vitu kwa mausi kimoja kimoja, unatumia vidole vyote kumi. Sauti haipiti ndani yake, hata tone.

Hilo la mwisho ndilo linalowashinda watu, na naelewa kwa nini. Kontrola imetengenezwa makusudi ifanane na miksa: feda chini, vitufe vya kuzungusha juu, safu baada ya safu. Lakini kwenye miksa ya analogia, umeme ulio sauti yenyewe unapita chini ya kidole chako. Feda pale ni kizuizi cha umeme; ukiishusha unaubana, ukiipandisha unauachia. Mkono na sauti vimekutana mahali pamoja. Ndiyo maana vumbi likiingia kwenye feda ya miksa kuukuu unasikia mkwaruzo kwenye spika kila ukiigusa. Vumbi hilo hilo likiingia kwenye feda ya kontrola, spika hazikwaruzi. Utakachoona ni feda ya kwenye skrini ikirukaruka kama ina degedege, kwa sababu kilichochafuka ni taarifa ya mahali ilipo feda, si sauti.

Na taarifa hiyo ni ndogo mno. Chukua feda ya kawaida ya MIDI, lugha ambayo vyombo vya muziki vimeitumia kuambiana mambo tangu 1983. Ukiisogeza, kinachotoka ni baiti tatu: ya kwanza inasema "hii ni amri ya kubadilisha kitu, chaneli fulani", ya pili inasema kitu gani (namba 7, kwa mfano, ni kiwango cha sauti), ya tatu inasema kiasi, kuanzia 0 hadi 127. Basi, ujumbe umefika. Waya wa MIDI wa asili unapitisha biti 31,250 kwa sekunde, na kila baiti inakula biti kumi ukihesabu za kuifungua na kuifunga, kwa hiyo ni baiti 3,125 tu kwa sekunde. Wimbo wa stereo kwa kipimo cha CD unahitaji baiti 176,400 kwa sekunde hiyo hiyo. Hata ungetaka kuipitisha sauti kwenye waya ule, isingeenea. USB ya leo ni pana kuliko hapo mara nyingi sana, lakini ujumbe wa kontrola haujanenepa; ni zile zile baiti chache zinazotembea peke yao kwenye barabara ya njia nane.

Sasa niruhusuni niingie kwenye neno, maana humo ndimo ugomvi wangu ulimo.

Waingereza na Wamarekani wanakiita kifaa hiki, kwa tafsiri ya moja kwa moja, "uso wa kudhibiti". Neno lao la kudhibiti, control, walilipata kwa Wafaransa wa zamani, na Wafaransa walilitoa kwenye Kilatini cha zama za kati: contrarotulus. Contra ni mkabala, au dhidi ya. Rotulus ni gombo, karatasi iliyoviringwa. Karani mmoja aliandika hesabu kwenye gombo lake. Karani wa pili aliweka gombo la pili lenye hesabu zile zile, na siku ya ukaguzi magombo mawili yalilazwa ubavu kwa ubavu. Hiyo ndiyo kontroli ya kwanza: nakala ya kukagulia. Wafaransa mpaka leo wakisema contrôle mara nyingi wanamaanisha ukaguzi, si uendeshaji.

Mimi naona neno hilo limekikaa kifaa hiki vizuri kuliko waliolichagua walivyodhani. Feda iliyo kwenye skrini ndiyo gombo la asili. Hesabu ya kweli iko pale, ndani ya programu, na ndiyo inayohifadhiwa ukifunga kazi yako. Feda ya plastiki ni gombo la pili. Zikipingana, moja ikisema juu na nyingine ikisema chini, programu inaamini la kwake, mpaka utakapoisogeza ile ya plastiki.

Sisi tuna "dhibiti", iliyotoka kwenye Kiarabu, mzizi wa dhabata: kushika barabara, kuweka kitu sawasawa. Ndugu yake wa damu ni "madhubuti". ("Thabiti" na "thibitisha" ni wa ukoo mwingine, wenye th yao tangu kwao, na kila nikiona mtu kaandika "kuthibiti sauti" napata homa ndogo.) Neno letu lina mkono ndani yake. Lina kukamata. Nadhani hapo ndipo mkanganyiko unapoanzia, maana ukimwambia mtu kwamba kifaa hiki kinadhibiti sauti, anachokiona kichwani ni mkono ulioishika sauti yenyewe shingoni. Neno la wenzetu lina karatasi na makarani wawili wanaoviziana, picha isiyo na ubabe wowote, lakini iliyo karibu zaidi na ukweli.

Kuna na nyongeza ambayo hunichekesha. Watu wa ndege nao wana "nyuso za kudhibiti", jina hilo hilo: ni yale mapande yanayopinda kwenye ukingo wa bawa na mkiani. Kule, uso wa kudhibiti ndio unaogusa hewa, na rubani hauugusi kamwe. Yeye yuko mbali, ameshika usukani. Studioni ni kinyume chake kabisa. Uso wa kudhibiti ndio unaoguswa na mkono, na hauigusi sauti kamwe. Jina moja, kazi mbili zilizogeuziana mgongo.

Mtu mjuzi ataniambia: mbona miksa za kidijitali nazo feda zake hazipitishi sauti? Kweli kabisa. Kwenye miksa ya kidijitali feda inaiambia kompyuta iliyo tumboni mwa kifaa cha kufanya, sawa na kontrola inavyoiambia kompyuta iliyo mezani. Yamaha kwenye mfumo wao wa RIVAGE PM10 walivitenganisha waziwazi: meza yenye feda ni kipande kimoja, mashine inayochakata sauti ni kipande kingine, na ile meza wenyewe wanaiita uso wa kudhibiti. Kuna pia machotara kama Model 12 ya TASCAM, ambayo ni miksa kamili yenye matundu ya maiki, na ukitaka inaendesha pia programu ya kurekodi. Kwa hiyo mpaka upo, ila hauonekani kwa kuhesabu feda. Unaonekana ukifuata waya wa maiki. Ikiwa maiki inaingia humo, una miksa, au kitu chenye miksa ndani yake. Ikiwa haina pa kuingilia, una kontrola.

Ukitaka kuona kwa macho, fanya hivi: cheza wimbo, kisha uchomoe waya wa kontrola katikati ya kibwagizo. Wimbo unaendelea kama kawaida, hakuna aliyekufa. Kilichokatika ni mkono wako tu.

Ukishalielewa hilo, maswali ya kununua yanabadilika yenyewe. "Ina sauti nzuri?" haina jibu, kama vile rimoti haina picha nzuri. Swali la kwanza linakuwa: inaongea lugha gani, na programu yangu inaisikia? Lugha iliyoenea ni ya Mackie Control, ya kampuni ya Mackie, na programu za kurekodi kama Logic, Cubase, Reaper, Studio One na Ableton Live zote zinaielewa. Pro Tools haiielewi. Yenyewe inataka HUI, lugha ya zamani kidogo iliyotengenezwa na hao hao Mackie pamoja na Digidesign, waliounda Pro Tools, au EuCon, ambayo Avid, wenye Pro Tools sasa, waliipata waliponunua Euphonix mwaka 2010. Kontrola nyingi zinaongea zaidi ya lugha moja. Unaiwasha huku umeshika kitufe fulani, unachagua. Soma hapo kabla ya kusoma kingine chochote kwenye boksi, maana nimeona mtu akikaa na kontrola nzuri mwezi mzima akidhani imekufa, kumbe ilikuwa inaongea Mackie na programu yake inasubiri HUI.

Swali la pili ni mota, na hapa rudi kwa wale makarani wawili. Feda isiyo na mota ni karani aliyelala. Umefungua wimbo mwingine, feda ya kwenye skrini iko chini, ya plastiki imebaki juu pale ulipoiacha jana. Ukiisogeza kidogo tu, sauti inaruka mpaka juu na masikio yanalia. Programu nyingi zina dawa: unaweza kuziambia zisiitikie mpaka feda ya plastiki ipite pale ilipo ya kwenye skrini, ndipo ziungane. Inafanya kazi, ila unakuwa unasukuma feda gizani ukitafuta mahali usipopaona. Korg nanoKONTROL2 ni ya aina hii, feda nane fupi na vitufe vya kuzungusha vinane, na kwa anayetaka kunyamazisha traki na kusawazisha mawili matatu inatosha sana. Sioni haja ya kumcheka mtu mwenye nayo.

Feda yenye mota ni karani aliye macho. Ukifungua wimbo, zote nane zinakimbia kwenda mahali pake kwa mvumo mmoja mfupi, na mara ya kwanza kila mtu anatabasamu, usikatae. Ukicheza wimbo uliokwisha kuandikiwa mabadiliko ya kiwango cha sauti, zinapanda na kushuka zenyewe. Weka kidole juu ya mojawapo: inakuachia papo hapo, kwa sababu kichwa chake kinahisi ngozi, mota inazimika na programu, ukiwa umeiruhusu kuandika, inaanza kuandika unachofanya. Ukiachia, mara nyingi inarudi kwenye njia yake ya awali. Jaribu kuisukuma kwa kalamu ya plastiki na utaona inavyoshindana nawe. Haijui kama kuna mtu. Behringer X-Touch ina feda tisa za namna hii, za urefu wa milimita 100, nane za traki na moja kuu. Kwenye lugha ya Mackie feda hizo hazitumii ule ujumbe wa hatua 128. Zinaazima ujumbe wa kupinda noti (kuitelezesha juu au chini), wenye nafasi ya hatua 16,384, kwa sababu hatua 128 zikitandazwa kwenye milimita 100 kila moja inakuwa karibu milimita 0.8, na kwenye kufifisha sauti taratibu ngazi hizo zinaweza kusikika.

Idadi ya feda nisingeihangaikia. Nane hazimaanishi traki nane. Kuna kitufe cha kuhamia nane zinazofuata, na nane nyingine. Mtu anayerekodi peke yake chumbani mara nyingi anashika feda moja tu kwa wakati, ya mwimbaji, na kwa huyo kontrola ya feda moja yenye mota, kama FaderPort ya PreSonus, ni bora kuliko nane zilizolala.

Kuhusu vinanda visivyo na sauti, ambavyo navyo vinaitwa kontrola: ni binamu. Vinatuma noti badala ya kuendesha programu, ingawa vingine vina feda pembeni. Ndiyo maana ukisema "kontrola" tu, muuzaji anaweza kukuletea kinanda. Mwambie kontrola ya feda.

Yule kijana nilimwambia asirudishe. Anachokosa ni kadi ya sauti, hata yenye tundu moja la maiki. Hiyo ndiyo itakayobeba sauti kuipeleka kwenye kompyuta, na kontrola yake ikae kando na waya wake wa USB. Jioni akatuma picha nyingine, feda zote nane zimejipanga kwenye mlima wa wimbo wake, na chini kaandika, "Mkuu, miksa imekubali." Nikamjibu: hongera sana, kontrola imekubali.