"Ongeza Mafundi, Nyumba Iishe": Dhana Zinazochelewesha Ujenzi

Ratiba imeteleza wiki mbili. Mwenye nyumba anashuka kwenye gari, anawahesabu watu waliopo saiti kwa kidole, halafu anatoa hukumu: "Mbona wachache? Ongeza mafundi." Anaondoka ameridhika, na anayebaki na mzigo ni msimamizi. Katika dhana zote za wateja wa ujenzi, hakuna iliyotugharimu kama hii, na hakuna inayorudi kwa ukaidi kama hii.

Ukweli ni kwamba saiti ina kazi za aina mbili. Zipo zinazofuata wingi wa mikono: kuchimba msingi, kusomba matofali, kupaka rangi vyumba 10 vilivyo tayari. Humo ongeza watu, siku zitapungua. Nyingine mwenye saa si mtu. Saa yake iko kwenye mashine, kwenye nafasi, au ndani ya saruji yenyewe. Ukiongeza watu huko, unaongeza mishahara tu.

Chukua slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, ya mita za mraba 200 yenye unene wa milimita 150. Hizo ni mita za ujazo 30 za zege. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko mmoja wa saruji wa kilo 50 unatoa kama mita za ujazo 0.16, kwa hiyo unahitaji karibu mifuko 190. Mashine ya kuchanganya zege, ya mfuko mmoja kwa mzunguko, ikizungushwa kila baada ya dakika 5, inatoa mizunguko 12 kwa saa. Piga hesabu: saa 16, bila mapumziko wala kuishiwa dizeli. Saidia fundi 20 zaidi hawapunguzi hata nusu saa, maana foleni iko kwenye mashine. Kinachopunguza ni mashine ya pili, pamoja na vaibreta (mashine ya kutikisa zege lishikamane) ya akiba, kwa sababu vaibreta hupenda kuharibika zege likiwa limefika katikati ya slabu.

Watu wengi wakishabanana mbele ya mashine moja, huanza ujanja. Muda wa kuzungusha unakatwa, na maji yanaongezwa ili zege litiririke lenyewe. Mfuko wa kilo 50 kwa uwiano wa maji na saruji wa 0.5 unataka lita 25, ukitoa humo maji ambayo mchanga umekuja nayo. Ongeza lita 5 tu na uwiano umeshafika 0.6. Zege linamwagika vizuri, kila mtu anafurahi, na nguvu iliyopotea hapo hairudishwi na mtu yeyote. (Anayesema "maji kidogo hayadhuru" apewe kazi ya kuziba nyufa.)

Ukuta nao una kikomo chake. Tofali za chini zinabebwa na udongo wa saruji ambao bado ni mbichi, ndiyo maana ukuta haupandishwi zaidi ya mita 1.5 hivi kwa siku. Ukiweka mafundi 8 kwenye ukuta wa mafundi 4, wanafika kikomo saa sita mchana. Baada ya hapo ama wanakaa, ama wanaendelea kupanda hadi ukuta unatoka kwenye timazi na kubomolewa kesho yake.

Kisha kuna saa ya saruji, ambayo haisikii fedha. Zege halikazwi na jua kama nguo. Linakazwa na maji yanayofanya kazi na saruji, na likinyimwa maji mapema linaacha kukua. Kwa saruji ya kawaida ya Portland, siku ya 7 huwa limefika karibu theluthi mbili ya nguvu ya siku ya 28. Mbao za pembeni mwa nguzo zinaweza kuvuliwa baada ya siku moja. Mirunda, yaani nguzo za muda zinazoshikilia slabu kwa chini, haiguswi. Kipimo kinachotumika mara nyingi, pasipo na baridi, ni siku 7 kwa slabu yenye upana wa hadi mita 4.5 kati ya mihimili, na siku 14 ikizidi hapo. Kwa bimu, yaani mihimili yenyewe, ni siku 14 kwa urefu wa hadi mita 6, na 21 zaidi ya hapo. Mhandisi akisema zaidi, fuata lake. Na kama ghorofa ya juu inamwagwa, kumbuka kwamba kila mita ya mraba ya ile slabu mbichi ina uzito wa kilo 360, na mzigo huo unashuka kupitia mirunda hadi kwenye slabu ya chini. Andika kwa chaki kwenye mirunda tarehe ya kumwaga na tarehe ya kung'oa. Ni dawa ya bei rahisi dhidi ya fundi anayehitaji mbao zake kwingine.

Sakafu ya kusawazishia, ile tabaka ya mchanga na saruji inayomwagwa juu ya slabu, ndiyo inayowaumiza wenye haraka ya kuhamia. Hukauka kwa wastani wa milimita moja kwa siku hadi unene wa milimita 40, na zaidi ya hapo mwendo unapungua hadi kama nusu. Sakafu ya milimita 50 inataka takriban siku 60 kabla ya kulazwa mbao juu yake. Ukilaza wiki ya tatu, unyevu unapanda, mbao zinavimba na kuinuka katikati ya sebule, na lawama zinamwangukia fundi seremala.

Kinachofupisha mradi kweli ni kujua mnyororo upi wa kazi ni mrefu kuliko yote tangu msingi hadi makabidhiano. Wahandisi wa DuPont na Remington Rand nchini Marekani waliitengeneza hesabu hiyo mwishoni mwa miaka ya 1950, na faida yake kubwa ni ile ile hadi leo: inakuonyesha kazi chache za kuharakishwa, ili usizikimbize zote. Mara nyingi mnyororo huo hautegemei mafundi kabisa. Unategemea vigae ambavyo mwenye nyumba hajachagua, madirisha yasiyoagizwa, na ukaguzi wa nondo ulioombwa asubuhi ile ile ya kumwaga. Kwa hiyo tengeneza karatasi moja yenye safu tatu: uamuzi unaohitajika, nani anauamua, mwisho ni tarehe gani. Mpe mteja nakala. Ucheleweshaji mwingi utaukuta kwenye safu ya pili, na si kwa mafundi.

Mengine kwa ufupi, maana nayo hayaishi.

"Zabuni ya chini ndiyo nafuu." Soma bei ya kila kipengele, usiishie kwenye jumla. Mkandarasi akipandisha bei za msingi na kushusha za umaliziaji, anakuwa ameshalipwa kilicho kingi kabla ya kuezeka. Baada ya hapo hana cha kumharakisha.

"Fedha ya dharura ni ya mkandarasi." Hapana. Ile asilimia 5 hadi 10 ya bajeti ni yako, inakaa kwa ajili ya udongo ambao hakuna aliyeuona kabla ya kuchimba. Usiitumie kununulia taa.

"Kuhamisha mlango ni jambo dogo." Kwenye ramani ni kazi ya kifutio. Ukuta ukishapigwa plasta ni kukata ukuta na kuweka lenta mpya (boriti ya juu ya mlango) yenye kuegemea angalau milimita 150 kila upande, kuhamisha swichi na bomba za nyaya, kuziba tundu la zamani na kupaka rangi ukuta mzima, kwa sababu kiraka kitaonekana tu.

"Zege likishakuwa gumu, kazi yake imekwisha." Inaanza hapo. Litandikwe magunia na yabaki yameloa kwa siku 7 mfululizo, Jumapili ikiwemo. Sifa zote humwendea aliyemwaga, na yule saidia fundi anayefungua mpira wa maji Jumapili asubuhi peke yake hatajwi hata siku ya makabidhiano. Iweke Jumapili hiyo kwenye bajeti kama saa za ziada, kwa jina lake, kabla hamjaanza kumwaga.